Pumziko la Sauti ya Pili

Kilolo,
9 Machi 2025

Mpwa wangu Shedrack,

Nakusalimu wewe, mkeo Atuganile na watoto. Huku kwetu mvua zimetosha, viazi vimechanua, ila njegere zimeingiwa na ukungu. Goti la mke wangu, mama Anjela, limetulia tangu nimkataze kupanda kilima cha sokoni na mzigo. Katazo hilo amelishika kwa siku nne, nami nayahesabu hayo kuwa mafanikio.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Tarehe 14 Septemba usharika wetu utatimiza miaka hamsini. Wazee wa kanisa wameamua kwamba siku hiyo uimbwe wimbo alioutunga marehemu mama yako, dada yangu Juliana, mwaka 1989, tulipofungua jengo la kanisa. Unaitwa “Mlima Huu Tumeupanda”. Uliimbwa mwaka mmoja hivi, kisha mama yako akahamia Mbeya na baba yako, na wimbo ukalala.

Daftari langu la nota lilikuwa katika kabati la kanisani. Nilipolifungua mwezi uliopita nilikuta mchwa wamekwisha kulisoma karibu lote. Umebaki ukurasa mmoja wenye sauti ya kwanza peke yake. Sauti ya pili, ya tatu na besi zimekwenda.

Nakumbuka mama yako alikuwa na kaseti ya wimbo huo, iliyorekodiwa kanisani. Bila shaka imo katika sanduku lake, na sanduku hilo liko kwako. Itafute, uifunge vizuri, uikabidhi kwa kondakta wa basi la Iringa. Nitasikiliza na kuandika nota za sauti zote nne kwa mkono, kama nilivyoandika kwa miaka thelathini na tisa ya ualimu wa kwaya.

Usinipigie simu. Jambo zito huandikwa.

Mimi mjomba wako,
Sosthenes Kikoti


Mwanjelwa, Mbeya,
2 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika. Samahani kwa kukawia kuijibu. Atuganile alikuwa amelazwa kwa siku tano kwa homa ya mapafu, sasa amepona na ameanza kunigombeza, kwa hiyo najua amepona kweli. Watoto wanamwamkia mama Anjela.

Kaseti nimeipata. Ilikuwa chini kabisa, imefungwa ndani ya kanga ya mama. Nimeipiga mara moja tu, kwa uangalifu, maana utepe wake umechoka. Mjomba, mvua inapiga mabati ya kanisa, kwaya inaimba juu ya mvua, na kuna mtoto analia. Nadhani mtoto huyo ni mimi.

Sasa naomba unisikilize. Hapa kwenye chumba changu cha kurekodia, juu ya duka la mashuka ya mtumba, kazi yangu ni kwaya tu. Siku hizi tuna programu za akili mnemba. Unaipa sauti iliyochanganyika, inatenga mvua upande mmoja na waimbaji upande mwingine, kisha inawatenga waimbaji, na mwisho inaandika nota. Kazi ya miezi inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Niruhusu niifanye, nikutumie karatasi zikiwa tayari.

Nimejaribu simu yako mara kumi na moja. Najua ulinikataza. Nilitaka tu kusikia sauti yako.

Mpwa wako,
Shedrack


Kilolo,
27 Aprili 2025

Mpwa wangu Shedrack,

Tumefurahi kwamba Atuganile amepona. Mama Anjela amemwombea, na amenituma niandike kwamba ale supu ya kuku wa kienyeji, si ya yule kuku wenu anayekua kwa wiki nne.

Kuhusu programu yako, jibu ni hapana. Kusikiliza ni kazi ambayo mtu hamtumi mwenzake, sembuse chombo. Mwanafunzi wangu akiniletea nota nilikuwa namuuliza, “Umeisikia au umeiotea?” Mashine yako siwezi kuiuliza hivyo, kwa kuwa itanijibu kwa adabu na bado nisijue.

Nitumie kaseti. Redio yangu bado inafanya kazi na nimekwisha nunua betri.

Nakusisitizia tena: simu haina haja.

Mjomba wako,
Sosthenes Kikoti


Mwanjelwa, Mbeya,
9 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Kaseti ndiyo hii, ndani ya boksi la viatu. Nimeizungushia gazeti na soksi mbili za sufu. Soksi ni zako, maana najua baridi ya Kilolo inavyoanza mwezi huu.

Umeshinda wewe. Lakini ukikwama, niandikie.

Shedrack


Kilolo,
6 Julai 2025

Mpwa wangu Shedrack,

Salamu kwenu nyote. Baridi ni kali, na asubuhi ukungu haupandi mpaka saa nne. Soksi zimenifaa. Viazi tumevuna gunia kumi na nne.

Utaona kwamba nimekaa miezi miwili bila kukuandikia. Kazi inaendelea. Kazi nzuri haiharakishwi.

Nina swali dogo. Katika mstari wa tatu, baada ya maneno “mawe tuliyabeba vichwani”, je, sauti ya tatu inaingia pamoja na besi au inaingia nyuma yake? Nakuuliza ili nikupime, nijue kama kazi yako ya kurekodi imekufundisha kusikiliza.

Sosthenes Kikoti


Mwanjelwa, Mbeya,
15 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Sisi tu salama. Leo siandiki mengi ya nyumbani kwa sababu moyo wangu una haraka.

Swali lako, mjomba, halikuwa la kunipima. Mtu yeyote aliyesikia kaseti ile mara moja anajua kwamba sauti ya tatu inaingia nyuma ya besi. Pale ni wazi kama mlango. Nilipolisoma swali nilimpigia mama Anjela kupitia simu ya jirani yenu. Nikamuuliza, “Mjomba anaumwa?” Akasema, “Muulize mwenyewe.” Nikamwambia, “Nimuulizeje na hapokei simu?” Akasema, “Basi na wewe fikiri kwa nini hapokei.”

Nimefikiri. Sikuulizi. Utaniambia ukipenda.

Mimi nina langu la kukiri. Mwezi wa nne, kabla hujanikataza, nilikuwa nimekwisha kuinakili kaseti. Na baada ya kunikataza, niliipa programu. Nilikuasi, mjomba, na sina la kujitetea. Ilichukua dakika arobaini. Karatasi za sauti zote nne ndizo hizi. Nilizificha kwenye droo tangu wakati huo, lakini sasa Septemba imekaribia, na kuendelea kuzificha itakuwa kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Kwaya moja ya hapa Mwanjelwa iliziimba nikasikia. Ni nzuri. Kama ni sahihi sijui. Anayejua ni wewe.

Mpwa wako mkosaji,
Shedrack


Kilolo,
28 Julai 2025

Mpwa wangu Shedrack,

Barua yako niliisoma mara tatu. Ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa haya, ya tatu kama mwalimu. Hii naiandika kutokana na ile ya tatu.

Sisikii. Sikio la kushoto lilianza mwaka juzi, na la kulia likalifuata kama ndugu. Hospitali mjini Iringa walinipima wakaniambia usikivu haurudi. Mtu akisimama mbele yangu akasema polepole, napata nusu kwa masikio na nusu kwa midomo yake. Kwenye simu hakuna midomo. Ili kuisikia kaseti yako niliweka redio juu ya meza na sikio juu ya redio, kila siku kwa miezi miwili. Nilipata sauti ya kwanza, ambayo tayari nilikuwa nayo, na mvua.

Nilikwambia mashine itaotea. Aliyekuwa anaotea ni mimi.

Sasa kuhusu karatasi. Nota sihitaji kuzisikia, kwa kuwa naisoma karatasi kama wewe unavyoisoma barua hii. Nimepitia kipimo kwa kipimo, yaani mapigo manne kwa manne. Sauti ya kwanza inalingana na ukurasa wangu uliobaki. Sauti ya tatu imekamilika. Besi ndiyo iliyonishangaza: imetoa hata zile nota tatu za chini ambazo zamani tuliziimba wanaume wawili tu, na ambazo nilidhani zimezama katika mvua. Katika hayo mashine imenishinda, na sioni aibu kuyaandika.

Lakini nenda kwenye kipimo cha kumi na mbili, sauti ya pili. Pana nota l, yaani “la”, ndefu, ya kipimo kizima. Nota hiyo haikuwa ya mama yako.

Ilikuwa yangu.

Juliana alipoleta wimbo huo mwaka 1989, pale palikuwa patupu. Sauti ya kwanza inashikilia nota moja, besi inashuka na neno “ulikuwepo”, na sauti ya pili inanyamaza. Nikamwambia ni kosa. Chuoni tulifundishwa kwamba sauti nne ni kuta nne, na nyumba haiachwi na ukuta mmoja chini. Akasema, “Kaka, paache.” Nikamuuliza sababu, akacheka tu. Nikaandika l kwa wino mwekundu. Akaifuta. Nikaiandika tena.

Tukaenda kwenye mashindano ya kwaya ya jimbo na nota yangu. Tulipofika kipimo cha kumi na mbili, akina mama wote wa sauti ya pili, wakiongozwa na Yusta, walifunga midomo mbele ya waamuzi na mbele yangu. Tukawa wa nne. Nilimwambia dada yangu maneno ambayo siyaandiki hapa. Mwaka uliofuata mlihamia Mbeya, na jambo hilo hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Unaona nilipo. Mashine imeandika l. Mimi niliandika l. Kaseti ni ya siku ya kufungua kanisa, kabla ya mashindano, na sikumbuki kama siku hiyo waliimba nota yangu au walinyamaza. Nikiipitisha karatasi hii nitakuwa nimemsahihisha dada yangu mara ya tatu, naye hayupo wa kuifuta. Nikiifuta bila uhakika nitakuwa nafuta kwa majuto, na majuto si ushahidi.

Wewe masikio unayo. Weka programu pembeni. Sikiliza kipimo hicho mwenyewe, uniambie.

Mjomba wako,
Sosthenes


Mwanjelwa, Mbeya,
7 Agosti 2025

Mjomba, shikamoo.

Sitaandika pole nyingi, kwa kuwa najua hutazipenda. Atuganile alilia. Mimi nilitoka nje nikasimama barabarani.

Nimesikiliza kama ulivyoagiza. Nilifunga mlango, nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikapiga kipimo cha kumi na mbili zaidi ya mara sitini. Mjomba, pale ndipo ninapolia. Mama alikuwa akiimba sauti ya kwanza nami nikiwa mgongoni, karibu na kinasa sauti, na kilio changu kimekaa juu ya kipimo chote. Chini yake kuna mvua. Chini ya mvua siwezi kuapa kwamba kuna mtu anaimba, wala siwezi kuapa kwamba hakuna. Nikarudi kwenye programu kuangalia ilipata wapi ile l. Haikuipata. Palikuwa na kelele, ikajaza kile kinachokaa pale kwa kawaida.

Kwa hiyo kaseti imefika mwisho wake, na masikio yangu pia. Umemtaja Yusta. Je, yu hai? Kama yu hai, mjomba, nenda.

Natuma simu ndogo. Haina kazi ya kupiga. Ukiiwasha, mtu akisema mbele yake, inaandika maneno yake kwa herufi kubwa. Hii nayo ni akili mnemba. Safari hii nakuomba ruhusa kwanza.

Shedrack


Kilolo,
31 Agosti 2025

Mpwa wangu Shedrack,

Ruhusa imetolewa. Mama Anjela ameifurahia simu hiyo kupita kiasi. Anasema kwa miaka miwili nimekuwa nikiitikia “ndiyo” kwa mambo ambayo sikuyasikia, na sasa ananirudishia yote, moja moja, kwa maandishi.

Yusta yu hai. Anaishi Idodi kwa binti yake, na Jumanne nilikwenda. Nilimkuta amekaa kibarazani anachambua maharage. Hajabadilika isipokuwa macho. Nikamsalimu kwa Kihehe, “Kamwene, Yusta.” Akanitazama, nami nikaiwasha simu. Ikaandika vizuri kabisa: “Mwalimu, umekuja kutuadhibu?”

Tuliendelea vizuri mpaka alipochangamka akaingia Kihehe. Simu, isiyojua Kihehe, ikaandika kwamba kwaya yetu ilikuwa na ng'ombe saba bungeni. Nilipomsomea, akacheka mpaka ungo wa maharage ukamwagika. Akainyang'anya, akaifunika kwa leso, akanishika mkono, akaanza kuimba.

Aliimba sauti ya pili tangu mwanzo. Mimi nilitazama midomo na kuhesabu vipimo kwa vidole. Nane, tisa, kumi, kumi na moja. Kwenye cha kumi na mbili alifunga midomo. Akanipiga mkononi mapigo manne, polepole, moja baada ya jingine, kisha akaifungua tena kwenye cha kumi na tatu. Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile. Nikamuuliza, “Na siku ya kufungua kanisa?” Akatikisa kichwa, nami nikasoma midomo yake: kanisani hawakuwahi kuiimba nota yangu, hata siku moja. Mazoezini waliiimba nikiwa nawatazama tu.

Nikamuuliza kwa nini. Akaifunua simu, akasema kwa Kiswahili safi, kama anayesoma somo kanisani. Maneno yake nimeyanakili:

“Juliana alituambia, kaka yangu ana sauti nzuri ya chini, lakini ninyi akina mama mnamfunika. Pale mnyamaze, asikike. Ulikuwa unajifunika mwenyewe, Mwalimu.”

Nikasema, “Mbona hakuniambia?”

“Angekwambia ungekataa. Ungesema kwaya si ya mtu mmoja.”

Ni kweli ningesema hivyo. Hata leo nawaambia vijana maneno hayohayo.

Nimerudi, na haya ndiyo maamuzi yangu. Sauti ya kwanza, ya tatu na besi zibaki kama mashine ilivyoziandika. Kipimo cha kumi na mbili cha sauti ya pili kiachwe kitupu, na ukipiga chapa usiache programu ikijaze. Nyimbo nyingine ishirini na tatu zilizoliwa na mchwa, nazo zipe mashine, kila ambayo kaseti yake itapatikana. Mimi ningetumia miaka, na miaka sinayo. Ila kila karatasi utakayonitumia iandikwe juu jina la mtu mmoja aliyeuimba wimbo huo, nimwendee. Palipo na jibu ambalo kila mwenye ujuzi angelitoa, mashine italitoa kabla chai haijapoa, na kulitafuta kwa mkono ni majivuno. Lakini mtu mmoja akitaka vingine, jibu hilo la wote ndilo litakalomfuta. Huyo huulizwa kwa miguu.

Besi siku hiyo nitaimba mimi. Mwalimu wa sasa wa kwaya amekubali, ingawa nilimwona akimtazama mama Anjela kwanza. Sitajisikia. Kama nimekosa nota, nitakuwa mtu wa mwisho kujua.

Njoo na vyombo vyako urekodi.

Mjomba wako,
Sosthenes


Mwanjelwa, Mbeya,
22 Septemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Tulifika salama. Viazi mlivyotupatia vimegawiwa ghorofa nzima. Watoto hawaachi kumwiga mama Anjela akimsukuma mchungaji ili apate kukuona.

Uliniuliza mlangoni, “Ilikuwaje?” nami nikakuonyesha kwa mkono kwamba nitakuandikia. Najibu sasa.

Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo. Akina mama wa sauti ya pili walifunga midomo wote kwa pamoja, na Yusta, aliyeletwa kwa gari kutoka Idodi, akafunga yake akiwa amekaa benchi la mbele. Sauti ya kwanza ikabaki juu. Kisha ukashuka wewe: “ulikuwepo”. Kanisa zima lilikusikia.

Jana niliiweka rekodi kwenye programu ili kupunguza mwangwi. Mwangwi ukapungua vizuri. Ilipofika kipimo cha kumi na mbili ikaweka alama nyekundu. Mjomba, sikufichi, kwa kuwa hukunifundisha kuficha: nota ya mwisho ulikuwa chini ya besi iliyoandikwa, karibu nusu hatua. Programu ikauliza kama irekebishe.

Nikabonyeza hapana.

Mpwa wako,
Shedrack